Ibada ya kitabu au ibada huru: kanisa changa lichague ipi?

Mwaka jana wazee wa kanisa moja changa, lenye watu kama 80 siku likijaa, waliniita niwasaidie kuamua jambo lililokuwa limewachosha kwa miezi. Nusu yao walilelewa katika Ulutheri na Uanglikana, ambako ibada hufuata sala zilizoandikwa kitabuni. Kwao Jumapili isiyo na ungamo, Imani ya Mitume na baraka ya mwisho haijawa ibada. Nusu nyingine walitoka makanisa ya kiroho, yanayoomba bila kitabu, na kwao sala iliyoandikwa ni sala iliyopoa kabla haijaombwa. Mchungaji wao, kijana aliyemaliza chuo cha Biblia juzijuzi, aliniuliza mbele ya wote: "Baba, tushike kitabu au tumwache Roho aongoze?"

Nimetumika pande zote mbili, kwa hiyo swali hilo naliheshimu. Nilianza nikiwa msomaji wa masomo, kisha mzee wa kanisa aliyeongoza liturgia, yaani utaratibu wa ibada, katika usharika wa mashambani mkoani Kilimanjaro, ambako ibada ikiisha tulikusanyika nje kwa mnada wa ndizi, mayai na kuku wa sadaka. Baadaye kazi ikanileta mjini, nikawa miaka 11 katika kanisa la kiroho, mingi kati ya hiyo nikiratibu timu ya kusifu na kuabudu. Kote nimelishwa na kote nimeona watu wakirudi nyumbani na njaa. Ndiyo maana siku hizi nikilinganisha ibada naanza na jambo moja: siku kiongozi amekuja mtupu, amefiwa, amechoka au hakujiandaa, watu watakula nini?

Kile kisicho na mjadala

Kabla ya mitindo, wekeni mezani yale ambayo Maandiko yanayataka waziwazi. Paulo anamwagiza Timotheo afanye bidii katika kusoma, kuonya na kufundisha (1 Timotheo 4:13), na kusoma huko ni kusoma Maandiko mbele ya watu. Anaagiza dua kwa ajili ya watu wote, wafalme na wenye mamlaka wakiwemo (1 Timotheo 2:1-2). Anataka neno la Kristo likae kwa wingi kati yetu tukifundishana kwa zaburi, nyimbo na tenzi (Wakolosai 3:16). Upo ubatizo, ipo Meza ya Bwana, lipo changizo la siku ya kwanza ya juma (1 Wakorintho 16:2). Na yote yawe ya kujenga, yaende kwa uzuri na kwa utaratibu (1 Wakorintho 14:26, 40).

Kipi kianze na kipi kifuate? Agano Jipya halina ratiba hiyo. Hapo ndipo makanisa yalipoachana njia. Warithi wa Calvin, mwanamageuzi wa Geneva wa karne ya 16, walishika kwamba jambo lisiloagizwa na Maandiko lisiingizwe ibadani. Geneva yake iliimba zaburi bila kinanda, na kitabu chao cha zaburi zote 150 kilikamilika 1562. Walutheri na Waanglikana walishika kwamba lisilokatazwa laweza kutumika ikiwa linajenga. Karibu kila ugomvi wa ibada niliowahi kuuketia, uwe wa ngoma, mishumaa, kucheza au mafuta, umezaliwa na tofauti hiyo, ingawa waliokuwa wakigombana hawakuijua. Wazee wakikubaliana mapema wanasimama upande gani, nusu ya vikao vya baadaye haitahitajika.

Kuna shahidi wa kale ninayempenda sana. Yustino Mfiadini aliandika kutoka Roma karibu mwaka 155, akimweleza kaisari kile ambacho Wakristo hufanya Jumapili. Wanakusanyika mahali pamoja. Zinasomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu. Kiongozi anawaonya wayaige mema hayo. Wote wanasimama na kuomba. Mkate na divai vinaletwa, kiongozi anatoa shukrani kadiri ya uwezo wake, na watu wanaitikia Amina. Mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo, na kinachochangwa kinasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tazama kilichoshikwa na kilichoachwa. Mpangilio umeshikwa, lakini maneno ya shukrani yameachiwa uwezo wa anayeomba. Na kusoma ni kwa kadiri muda unavyoruhusu, maana yake muda uliobaki walimpa msomaji. Sisi uliobaki tunaupa matangazo.

Ibada ya kitabu

Faida yake ya kwanza ni wingi wa Maandiko yanayopita masikioni na midomoni mwa watu. Sihesabu zaburi na masomo mawili matatu tu. Liturgia yenyewe imesukwa kwa Biblia: wimbo wa malaika wa Luka 2:14, "Mtakatifu" wa Isaya 6:3, Mwana-kondoo wa Yohana 1:29, wimbo wa Simeoni, baraka ya Haruni ya Hesabu 6:24-26. Mtu akikaa humo miaka 20 bila kufungua Biblia nyumbani hata mara moja, tayari amebeba sehemu kubwa ya injili kichwani.

Mama mmoja wa usharika wetu wa zamani, ambaye hakujua kusoma, alilazwa akafikia hali ya kutonitambua. Nilikaa kando ya kitanda sijui niseme nini. Nikaanza ungamo la Jumapili, lile lile. Midomo yake ikaanza kwenda na yangu, neno kwa neno, mpaka Amina. Kwa mtu asiyesoma, kitabu cha ibada hakiko mkononi; kimeandikwa ndani yake kwa kurudiwa. Wanaosema kurudiarudia hakuna faida wangekaa pale nami.

Faida ya pili inamhusu kiongozi. Kwenye mtaa unaoongozwa na mwinjilisti au mzee wa kanisa, siku ambayo hotuba yake ni dhaifu, watu bado wameungama, wamesikia msamaha ukitangazwa, wamesomewa Injili, wamekiri imani, wameliombea taifa na wamebarikiwa. Kitabu kimemsitiri kiongozi na kimewalinda watu.

Ubaya wake naujua kwa ndani. Nimeongoza ungamo mara nyingi midomo iko kanisani na moyo uko shambani, na Isaya 29:13 ilikuwa inanisoma mimi. Kasi ndiyo dalili: ukisikia usharika unakimbiza Imani ya Mitume kama watu wanaovuka mto wenye mamba, ujue hakuna anayekiri kitu. Tena Jumapili ya msiba mkubwa kijijini inaweza kupita na sala zilezile zisizoutaja msiba. Na wageni wanapotea. Mtu aliyeingia kanisani kwa mara ya kwanza anahangaika na kurasa wakati wenzake wanaitikia, anatoka akijua kwamba pale ni kwa wenyewe.

Lawama moja naikataa, ile inayosema kitabu ni kitu cha Wazungu kisichoweza kusema Kiafrika. Waanglikana wa Kenya walitoa utaratibu wao wa Ushirika Mtakatifu mwaka 1989, na mwisho wake umejengwa juu ya dua ya asili ya Waturkana: kiongozi anataja shida, taabu na kazi za shetani, na watu wanazirushia msalabani kwa mkono na kwa sauti, kisha matumaini yao wanayaweka kwa Kristo aliyefufuka. Wakatoliki nchini Kongo, wakati huo Zaire, walipata utaratibu wao wa Misa ulioidhinishwa Roma mwaka 1988, na mmoja wa uamuzi wao wa busara ni kuweka toba baada ya mahubiri, watu wakiwa wameshasikia Neno linalowahukumu na kuwaita. Mimi si Mkatoliki, na yako mambo ya utaratibu ule nisiyoyafuata, lakini mpangilio huo wa toba nimeutumia na nimeona tofauti.

Wala si kweli kwamba kitabu huua uamsho. Uamsho wa Afrika Mashariki uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwashika watu waliokuwa ndani ya kanisa la kitabu. Waliungama hadharani, wakarudisha mali walizoiba, wakaimba barabarani, na Jumapili wakarudi kwenye sala zilezile zilizoandikwa.

Ibada huru

Nguvu yake kubwa ni kuweza kujibu wiki iliyopita. Mafuriko yameingia nyumba za bondeni, watoto wanaanza mtihani wa darasa la saba, kijana wa kwaya amekamatwa. Kiongozi anaacha alichopanga na watu wanaliombea jambo hilo kwa jina, kwa machozi, siku hiyohiyo. Na wanaoomba ni watu wenyewe. Katika kanisa la kiroho nilikutana na wamama wauza mboga wanaoomba dakika kumi bila kusita, kwa lugha inayotoka moja kwa moja kwenye maisha yao na Zaburi walizozishika. Usharika wangu wa zamani ulikuwa na walimu na mahakimu waliotetemeka wakiambiwa wafunge kikao kwa sala. Hilo si jambo dogo. Paulo anategemea kwamba mkutanikapo kila mmoja ana kitu cha kuleta (1 Wakorintho 14:26), na ibada ya kitabu mara nyingi haina pa kukipokea.

Udhaifu wake niliugundua kwa saa ya mkononi. Tulikuwa tunapanga upya ratiba, nikaamua kuandika dakika kwa Jumapili nne mfululizo. Ibada zilikwenda kati ya saa mbili na nusu na saa tatu. Matangazo na kuhimiza sadaka vilichukua wastani wa dakika 35. Maandiko yaliyosomwa kwa sauti, ukiacha mistari iliyotajwa ndani ya mahubiri, hayakufika dakika 3. Jumapili moja palisomwa mstari mmoja. Rais na viongozi wa nchi hawakuombewa hata mara moja. Tulijiita kanisa la Biblia, na hakuna aliyekuwa akitudanganya, hatukuwa tumehesabu.

Jambo lingine ambalo wapendwa wengi hawalioni: ibada huru nayo ina liturgia. Mapambio matatu ya haraka, mawili ya taratibu, maombi ya sauti ya pamoja, matangazo, sadaka, kwaya, neno, wito, maombezi. Jaribu kubadilisha mpangilio huo uone wazee watakavyokuja juu. Tofauti ni kwamba liturgia ya kitabu iliandikwa, ikajadiliwa na kusahihishwa na watu wengi kwa vizazi, na hii yetu ilijipanga yenyewe bila mtu kuiuliza inafundisha nini. Ungamo limekwenda wapi? Nani aliliondoa, na lini? Hakuna kikao kilichoamua.

Tena ibada ya namna hii inabebwa na mtu. Kiongozi akiwa amejaa Neno, sijaona ibada inayoishinda. Akiwa mtupu, kinachobaki ni sauti, kinanda na kurudia "inua mikono yako" mpaka watu wachoke. Akiwa mbaya, hakuna kitu cha kumzuia, kwa maana watu wamezoea kupokea chochote kinachotoka madhabahuni. Tarehe 1 Februari 2020, katika mkutano wa maombi kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nawataja kwa uchungu, maana ni watu wa mkoa nilikokulia, na walikwenda kumtafuta Mungu. Makanisa huru mengi hayana jambo kama lile, na hayapaswi kubebeshwa. Lakini kiongozi anayepanga ibada aulize kila kinachoingizwa: Maandiko yanasema nini juu ya hiki, na watu wataegemea nini wakishakizoea? Paulo alitaka hata manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29).

Jumapili moja, njia mbili

Maneno ya jumla hayamsaidii anayepaswa kusimama mbele keshokutwa. Chukua Luka 18:9-14, Farisayo na mtoza ushuru, uone kila njia inavyoibeba.

Kwa kitabu, kiongozi anatafuta masomo yanayozungumza na Injili hiyo: Isaya 66:1-2, Mungu anayemwangalia aliye mnyonge na mwenye roho iliyopondeka, Zaburi 51:1-12 ikisomwa kwa kupokezana, Warumi 3:21-26. Ungamo liko mwanzoni kama kawaida, lakini kabla yake anaacha kimya cha dakika nzima, kimya cha kweli, kinanda kimenyamaza. Mahubiri dakika 20. Sala ya kanisa inaandikwa na mzee mmoja wiki hiyo, ikiwataja wanaodharauliwa kijijini kwa aina yao: wavuta bangi, waliofungwa, wasichana waliokimbia nyumbani. Baada ya baraka watu wanatoka kimya. Hapa kazi ya kiongozi ilikuwa kupunguza mwendo. Vitu vyote vilikuwepo tayari.

Kwa ibada huru, kiongozi anakutana na timu Alhamisi, wanasoma Luka 18 pamoja kabla ya kuchagua wimbo hata mmoja. Jumapili wanaanza na nyimbo mbili za utukufu na utakatifu wa Mungu. Kisha, mahali ambapo wangezoea kupandisha, wanashusha. Mtu mmoja anasoma Zaburi 51 yote, polepole. Watu wanaungama kimoyomoyo, halafu kwa sentensi moja wanayorudia baada ya kiongozi: sala ya mtoza ushuru. Hiyo wanaijua tayari, iko kwenye Biblia zao, na sijaona mtu akiilalamikia kuwa imeandikwa. Kiongozi anatangaza msamaha kwa kusoma 1 Yohana 1:9. Wimbo wa msalaba. Luka 18:9-14 inasomwa yote na mtu asiyehubiri, ili watu waisikie kabla ya kuelezwa. Mahubiri dakika 40. Wito usiwe wa wenye shida peke yao. Mhubiri naye ashuke, aombewe. Hapa kazi ya kiongozi ilikuwa kuingiza na kuondoa, na imemgharimu saa nyingi kuliko mwenzake wa kitabu.

Ndiyo, ibada huru iliyo nzuri ina maandalizi mazito zaidi. Anayeichagua kwa kuwa haihitaji maandalizi amechagua njaa.

Masomo ya wiki yatoke wapi

Makanisa ya kitabu yana kalenda. Wengine wana kichwa na masomo ya kila Jumapili yaliyotolewa na kanisa lao, wengine hufuata mzunguko wa miaka 3, mwaka wa Mathayo, wa Marko na wa Luka, ambao Wakatoliki waliuanza 1969 na Waprotestanti wengi wakapata toleo lao la pamoja mwaka 1992. Kalenda inamzuia mhubiri asirudi kila mara kwenye mada anayoipenda. Inakulazimisha kuhubiri Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, ukiwa unatamani kuhubiri mafanikio ya mwaka mpya. Kasoro yake ni kurukaruka, na mistari migumu mara nyingi imeachwa nje.

Njia ya pili ni kuhubiri kitabu kimoja mwanzo hadi mwisho. Marko ina sura 16. Kwa mwendo wa kawaida inakupeleka zaidi ya nusu mwaka, na watu wanaanza kuisoma nyumbani ili wajue wiki ijayo mtafika wapi. Kwa kanisa changa napendelea hii, na sikubali kirahisi kubishiwa, kwa sharti kwamba zaburi na somo la Agano la Kale vinasomwa pia kila Jumapili. Njia ya tatu, ya mhubiri kuamua Jumamosi usiku, siiweki kwenye ulinganisho.

Nyimbo

Hapa pande zote mbili zinapotea kwa namna inayofanana. Katika sharika nyingi kwaya ni nne au tano: kwaya kuu, ya vijana, ya uinjilisti, ya akina mama. Kila moja inaimba wimbo au mbili, usharika umekaa unasikiliza. Katika makanisa ya kiroho watu wamesimama, lakini vyombo vimefunika sauti zao kiasi kwamba mtu hajisikii mwenyewe akiimba. Wakolosai 3:16 inawaambia wote wafundishane kwa kuimba. Kipimo changu ni rahisi: ubeti mmoja wa mwisho, fundi mitambo ashushe vyombo vyote. Ukisikia watu, endeleeni. Ukisikia kimya, timu ilikuwa inaimba peke yake.

Kipimo cha pili ni cha maneno. Chukua orodha ya nyimbo za miezi mitatu iliyopita, kaa nayo na kalamu. Zinazotaja msalaba, weka alama. Ufufuo, alama nyingine. Dhambi na toba. Roho Mtakatifu. Kurudi kwa Bwana. Maombolezo. Mara zote nilizofanya zoezi hili na timu za sifa, safu ya maombolezo imebaki tupu au na wimbo mmoja. Sasa linganisha na kitabu cha Zaburi, ambacho kinalia, kinauliza "hata lini" katika Zaburi 13, na katika Zaburi 88 kinafika mwisho gizani bila kutoka. Mjane aliyezika juzi anaingia kanisani kwetu na kila wimbo unamtaka ashangilie ushindi. Tenzi za zamani zinatupita hapa. Waliozitunga na kuzitafsiri walizika sana, na zina beti za mtu anayelia. Mapambio nayo yana kitu ambacho tenzi hazina: mtu asiye na kitabu anaimba mara ya pili tu. Changanyeni, lakini orodha iwe mbele yenu mnapochanganya.

Na mwalimu awe anayejua. Kenania aliwekwa juu ya uimbaji kwa sababu alikuwa stadi (1 Mambo ya Nyakati 15:22), na waliofundishwa kumwimbia Bwana walikuwa 288 (1 Mambo ya Nyakati 25:7). Walifundishwa. Mpende kijana mwenye moyo, kisha mlipie mafunzo ya kinanda.

Kuhusu gharama nisikawie. Ibada ya kitabu inahitaji vitabu na sauti moja inayoweza kuanzisha wimbo. Ibada ya bendi inahitaji vyombo, fundi, umeme na jenereta siku umeme unapokatika. Kanisa la watu 80 lililokopa kununua spika kabla ya kuwa na Biblia za kutosha kwenye viti limekosea mpangilio.

Nani achague nini

Kama kanisa lenu lina kiongozi mmoja, mafunzo machache, na watu wengi waliookoka karibuni, chukueni kitabu, au kama dhehebu lenu halina, andikeni mpangilio mfupi na mushike bila kuubadilisha kwa miaka miwili. Najua ushauri huu unawaudhi wenzangu wa kiroho. Lakini waumini wapya wanahitaji maneno ya kuazima kabla hawajapata yao, kama mtoto anavyoongea maneno ya mama yake kwanza.

Kama mna viongozi watatu au wanne waliokomaa katika Neno, wanaokutana kila wiki na wanaokubali kusahihishwa, ibada huru itawalea vizuri, mradi mpangilio uandikwe kabla na uhifadhiwe baada. Daftari la ibada za mwaka mzima ndilo litakalowaambia mlichosahau.

Kama ninyi ni kanisa la kitabu la miaka mingi na watu wamelala, msitupe kitabu. Fungueni nafasi mbili ndani yake: sala ya kanisa iombwe na waumini kwa maneno yao, na ushuhuda mmoja mfupi baada ya mahubiri. Jaribuni miezi sita. Na kama ninyi ni kanisa huru mnaojisikia kupwaya, anzeni na kusoma. Sura nzima, Jumapili ijayo, na msomaji aliyefanya mazoezi. Nehemia 8 inasema Ezra alisoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri na masikio ya watu wote yalisikiliza, na Walawi wakawafahamisha maana. Watu walilia walipoyasikia maneno ya torati, kisha wakaenda kufurahi kwa sababu walielewa.

Wale wazee wa kanisa la watu 80 hawakukubaliana siku ile wala kikao kilichofuata. Cha tatu walikubali mpangilio wa mambo saba, umechapwa upande mmoja wa karatasi: wito kutoka zaburi, ungamo na tangazo la msamaha, masomo mawili, mahubiri ya Luka mfululizo, Imani ya Mitume, maombi yanayoongozwa na waumini watatu kwa zamu kwa maneno yao, sadaka na baraka. Nyimbo kati ya hayo, tenzi na mapambio, chini ya mwalimu mmoja. Meza ya Bwana Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Mwezi wa nne mtoto wa mchungaji aliugua ghafla usiku wa kuamkia Jumapili, na wazazi wote wawili wakawa hospitali. Asubuhi saa tatu, mama mzee wa kanisa, mshonaji wa nguo ambaye hajawahi kuhubiri, alisimama na ile karatasi. Mahubiri hayakuwepo. Luka walikuwa wamefika sura ya 8, na fungu la siku hiyo lilikuwa Yairo na binti yake. Akalisoma lote, akanyamaza kidogo, akalisoma tena. Kisha akawaita wale watatu wa zamu waje mbele waombe.